Simu ya Kabatini

Buhongwa, Mwanza
9 Februari 2025

Shangazi yangu Dorotea,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba huku umesonya, lakini ni wewe uliyetaka tuandikiane barua kama vile mimi bado niko bweni. Paskazia, mchuuzi wetu wa samaki anayetubebea barua, ameniambia simu yako ilitumbukia ziwani ukiwa unaosha dagaa. Pole kwa simu. Nilicheka, halafu nikakumbuka ulivyonichapa mwaka ule nilipoiacha ndoo iende na maji.

Huku Buhongwa tupo. Maji ya bomba yanakuja yanapojisikia, na mwenye nyumba wetu ameanza kujenga vyumba vingine uani, sasa tunaanika nguo juu ya matofali. Kazini kwenye vizimba vya kufugia samaki, sato wa kizimba kimoja walianza kufa, tukawatenga mapema, wengine wamepona. Bosi amenisifu mbele ya watu, nikaona aibu.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini. Shangazi, wamenikubali! Kile chuo cha Uskochi nilichokusimulia Krismasi tukiwa tumelala kitanda kimoja, ukanikataza kuongea kwa sauti ili jambo lisisikike kabla halijaiva. Shahada ya uzamili, magonjwa ya samaki. Bado wafadhili. Wataniita kwenye usaili mwezi ujao, kwa kompyuta. Wakinichukua, Septemba naondoka. Wakinikataa, basi, barua ya chuo nitaitia fremu niitazame.

Naogopa. Nakuambia wewe kwa sababu hapa kila mtu ananipongeza, nami nacheka nao, halafu naenda chooni kujifungia. Naogopa kukosa na naogopa kupata. Baba angekuwepo angesema nini?

Nikifaulu kwa wafadhili kuna viza, na kabla ya viza kuna kipimo cha kifua kule Dar. Wanapiga picha ya mapafu kuangalia kifua kikuu. Hicho hakinisumbui, mimi kifua changu kizima.

Na kile kikohozi chako cha moshi wa samaki kimekuachia? Krismasi hukulala vizuri.

Msalimie jirani yako Mama Bashiru.

Mwanao,
Selina


Busisi
2 Machi 2025

Selina mwanangu,

Marahaba, na kusonya nimesonya kweli.

Barua yako imefika inanuka sangara, maana Paskazia aliichomeka kwenye kapu la biashara, na Kigongo walikaa kwenye foleni ya kivuko mpaka jua likawachoka. Nimeianika kama nguo ndipo nikaisoma. Sisi tupo. Mvua imegoma, mihogo imesinyaa. Mbuzi wa Mama Bashiru amezaa mapacha na mwenyewe anajisifu utadhani kazaa yeye.

Habari ya chuo nimeisoma nimesimama. Nilitaka kupiga kigelegele, nikakimeza. Nitakipiga siku yake. Baba yako angesema nini? Angesema "mh," halafu angepanda baiskeli azunguke kijiji kizima akitangaza. Ndivyo alivyokuwa kaka yangu Alexander, mdomoni baridi, miguuni moto.

Usiwaogope hao wa usaili. Nao huamka na tongotongo kama sisi.

Unauliza kikohozi. Kikohozi kipi? Mwanamke anayekausha samaki asipokohoa, huyo anawauza wabichi. Moshi ni moshi. Tena siku hizi nimehamia jiko la nje, nalala hukohuko. Nyumba kubwa ina popo, na mimi na popo hatukai pamoja. Nina sahani yangu na kikombe changu, sisumbuliwi na mtu, naishi kama malkia.

Sasa nina swali, na ukijibu barua hii lijibu hili kwanza. Unamkumbuka Bashiru alivyotaka kwenda Uarabuni kuendesha malori? Begi limefungwa, mama yake amekwisha kupika pilau ya kuagana. Wakampiga picha ya kifua wakaona kovu, wakamrudisha kutoka Dar. Leo anaendesha bodaboda hapa stendi, na wapo abiria wanaomkwepa mpaka kesho. Hicho kipimo chako, wanaangalia kifua chako peke yako? Au wanauliza ulikuwa unaishi na nani, nani alilala na nani, wakaandika nyumba nzima? Nauliza tu.

Pasaka usihangaike kuja. Foleni ya kivuko itakumaliza.

Shangazi yako,
Dorotea


Buhongwa
30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Kigelegele hicho kitoe sasa. Wafadhili wamenichukua!

Nilivyojibu kwenye usaili hata sijui. Mzee mmoja kwenye kioo aliniuliza nitafanya nini nikirudi, nikamwambia nitarudi kwa shangazi yangu aliyenilea kwa samaki, nimwonyeshe samaki wanakufaje na wanaponaje. Wakacheka. Nilidhani nimeharibu.

Swali lako sijui jibu lake. Nitapimwa Mei, nitakuambia. Kwani kuna nini?

Na mimi nina langu. Paskazia anasema umekonda. Anasema hata kwaya umeacha, wewe, sauti ya kwanza tangu sijazaliwa! Nilimuuliza kama unaumwa, akatazama pembeni akaanza kuniuzia samaki. Shangazi, unaumwa?

Anakuletea simu mpya, nimeiweka ndani ya soksi isipigwe na mawe ya mizani yake. Laini nimeshaiweka, na namba yangu ni hiyo moja tu iliyomo. Bonyeza hapo palipo na picha yangu. Nataka kusikia sauti yako kwa masikio yangu, barua zimenichosha.

Pasaka nakuja, utake usitake.

Selina


Busisi
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Selina,

Marahaba. Mungu ametenda. Nimemwambia Mama Bashiru peke yake, na tayari kijiji kizima kinajua.

Simu nimeipokea. Nzuri, inang'aa, nimeifungia kabatini pamoja na kanga za mama yangu. Mimi na vioo hivyo vya kupapasa hatuelewani. Barua inatosha, ina heshima yake.

Kwaya nimepumzika, sauti imechoka. Kukonda ni Kwaresima. Paskazia ana macho makali na mdomo mkali zaidi, angekuwa na akili kiasi hicho asingeolewa na yule mwanamume.

Pasaka usije. Nimesema. Ukija hutanikuta, nimealikwa Sengerema. Nisikilize mimi niliyekulea, walau mara moja hii.

Wewe mwenyewe u mzima? Unalala? Alfajiri hutoki jasho la bure? Chakula kinapita? Kunywa maziwa, kula mayai. Kila kikombe ulichonywea hapa Krismasi kilikuwa kimeoshwa, sivyo? Usiniulize kwa nini nauliza, mlezi huuliza.

Na kipimo kafanye mapema. Mei mbali. Kila siku unayongoja... Basi. Nimefuta mstari hapa, usipoteze macho yako kuusoma.

Dorotea


Buhongwa
25 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Nimerudi kutoka Dar. Picha wamepiga. Mambo ni mazuri, ila kuna majibu mengine ya kitaalamu yanachukua muda, wamesema mpaka Julai. Ni utaratibu wao.

Uliniuliza kama wanauliza. Wanauliza. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu. Nikasema hakuna. Akaacha kuandika, akanitazama, akauliza tena taratibu. Nikasema hakuna. Akauliza baba alikufa kwa nini. Nikasema nilikuwa mdogo.

Vumbi la safari limenipa mafua, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Leo siandiki sana.

Kula vizuri, Shangazi. Tafadhali.

Selina


Busisi
22 Juni 2025

Selina mwanangu,

Daraja limefunguliwa. Alhamisi Busisi nzima ilihamia juu ya daraja, wazee, watoto wa mgongoni, hata mbuzi wa Mama Bashiru, wamevuka kwa miguu mpaka Kigongo na kurudi ili tu wapate kusema wamevuka. Mimi niliwatazama nikiwa nyumbani. Miguu inauma.

Kwa nini Julai?

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye kunjo. Bashiru alipewa jibu siku ileile. Binti wa mwalimu aliyeenda kusoma Uingereza mwaka juzi alipewa cheti siku ileile, nimemuuliza mama yake, nikajifanya naulizia habari nyingine. Wewe majibu gani yanaiva miezi kama muhogo? Na mafua gani ya vumbi? Buhongwa umeishi miaka na vumbi halijawahi kukupa mafua.

Selina, niambie ukweli.

Na kwa kuwa sasa kuna daraja, najua utakachokifikiria. Usije. Jumamosi nina msiba Geita. Hutanikuta.

Dorotea


Busisi
28 Juni 2025

Selina,

Leo sikupi salamu za uzima. Mimi si mzima.

Umekuja leo. Ulipiga hodi mlango wa nyumba kubwa, halafu ukazunguka, ukaja jikoni. Nilikuwa ndani. Hakuna msiba Geita. Nilikaa chini nyuma ya mlango, mgongo wangu kwenye ubao, na wewe ulikuwa upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia viatu vyako. Ulisema, "Shangazi, najua uko humo." Nilitia kanga mdomoni. Kilichonishinda ni kikohozi kimoja cha mwisho, kilitoka na kanga yake. Najua ulikisikia.

Halafu na wewe ukakohoa.

Ee Mungu wangu! Nakijua kikohozi hicho. Nilikaa nacho chumba kimoja mwaka mzima kabla ya kumzika baba yako. Hakuna vumbi linalokohoa vile.

Ulipoweka mkate na sukari chini ukaondoka, nilitaka kutoka nikimbie nikushike. Sikutoka. Niliogopa, Selina. Mtu mzima mimi, nimeogopa mtoto niliyemfundisha kutembea.

Sasa nikueleze, kwa sababu kunyamaza hakujaokoa kitu. Nilianza kukohoa kabla ya Krismasi. Nilisema moshi, na mwenyewe niliamini moshi. Januari ikatoka damu kidogo. Nikasema kesho naenda zahanati. Jioni hiyo Paskazia akaja na habari kuwa chuo kinakutazama. Nikamkumbuka Bashiru. Nikajua nikienda wataniandika, na wakiniandika watauliza nani alilala kitandani kwangu Krismasi, watakuandika na wewe, jina litatoka Busisi lifike Dar, lifike huko ubalozini, na wewe utarudishwa kama yeye na begi lako. Nikajiambia, nitavumilia mpaka Septemba. Ndege ikiondoka tu, naenda kupimwa. Nikahamia jikoni, nikatenga sahani na kikombe, nikakufukuza kila ulipotaka kuja. Simu sikuitumbukiza ziwani. Niliizima. Kwenye simu ungenisikia.

Niliogopa na watu pia. Baba yako alipokufa walichoma godoro lake uani, na msimu mzima hakuna aliyenunua samaki wangu. Wewe hukujua, ulikuwa unafurahia kula samaki kila siku.

Nilidhani nimejitenga mapema. Kumbe nilijitenga umeshaondoka nacho.

Selina, nimekuua? Nijibu hilo. Usinijibu kwa upole.

Dorotea


Buhongwa
1 Julai 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hujaniua. Sasa soma yote, usirukie mwisho.

Nilidanganya na mimi. Picha yangu ina kivuli, juu, pafu la kulia. Wamechukua makohozi asubuhi kadhaa, wameyaotesha huko maabara waangalie kama vijidudu vitaota, ndiyo majibu ya Julai. Huenda ni kifua kikuu, huenda siyo. Alfajiri natoka jasho, shuka linalowa. Ulipoliuliza swali hilo Aprili nilicheka. Mei nililia.

Yule daktari alipouliza nani anakohoa nyumbani, nilikuona wewe Krismasi umejifunika uso kwa kanga, unanigeuzia mgongo. Nilijua palepale. Nikasema hakuna. Nikafikiri, nikikutaja watakuja na gari lenye maandishi mpaka mlangoni kwako, kijiji kitaona, samaki wako hawatanunuliwa, na utajua ni mimi. Na utajua pia kwamba naumwa, na utajilaumu. Kwa hiyo wewe umenificha mimi nami nimekuficha wewe, na ugonjwa umekula kwa raha pande zote mbili za ziwa.

Kazini samaki akiumwa huwa hajifichi. Hujitenga na wenzake, anakaa juujuu pembeni ya kizimba anahema, na sisi tunamwona kwa sababu amejitenga. Wewe uliniandikia kila kitu, sahani, kikombe, jiko la nje, na mimi niliyesomea kuviona hivyo nikasoma habari za popo.

Jumamosi sikuvunja mlango kwa sababu na mimi nilikuwa nimekibana kikohozi changu, nakuogopa wewe kuliko ugonjwa. Nilikohoa nikijua umesikia, halafu nikakimbia. Nililia daraja zima. Wasukuma wawili waliokuwa wanapiga picha wakanipa pole ya msiba.

Jana nimekwenda kituo cha afya hapa, nikamuuliza muuguzi kila kitu bila kuficha. Kuishi na mgonjwa hakumfungii mtu safari. Vinavyomchelewesha ni vijidudu vyake mwenyewe kama havijatibiwa. Mambo ya Bashiru ni ya Uarabuni, kule wana sheria zao, kovu tu linatosha. Mimi nikikutwa nao nitameza dawa miezi sita, nipimwe tena, niombe tena viza. Dawa ni bure, hata kwako. Wewe ungeweza kuanza Januari, Shangazi. Ungekuwa unamalizia mwezi huu. Nikifikiria hilo nataka kukupiga na kukukumbatia kwa wakati mmoja.

Chuo nimekiandikia kama wanaweza kuniwekea nafasi mwaka mmoja. Wafadhili nao nimewaandikia. Hawajajibu. Huenda wakasema ndiyo, huenda wakampa mwingine. Usiku naiona ndege ikiondoka bila mimi. Lakini ukiniuliza nini kinanitisha zaidi, ni ule mlango. Nimeota mara nyingi nimekuja kuufungua na upande wa pili hakuna anayekohoa tena.

Nimemtajia muuguzi jina lako. Nimeliandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Alhamisi nakuja tukapimwe wote, mimi nitakuwa upande wako mbele ya watu, wakitaka kutazama watutazame wawili.

Kabla ya hapo nina ombi moja. Toa simu kabatini. Kesho jioni, jua likianza kuzama, nitapiga. Pokea. Usiweke kanga mdomoni. Ukikohoa, kohoa, mimi nitangoja mpaka umalize, halafu nami nitakohoa unisikie.

Selina wako


Busisi
2 Julai 2025

Selina,

Nampa Paskazia karatasi hii anakimbilia gari.

Simu ilikuwa imekufa chaji, na mimi sina umeme jikoni. Nimeipeleka kwa Mama Bashiru. Akashangaa, akaniuliza nampigia nani. Kikohozi kikanikamata palepale mlangoni kwake, nikakiacha kitoke chote, sikujifunika. Nikamwambia, "Mama Bashiru, Alhamisi naenda kupimwa kifua, na mtoto wangu anapimwa nami."

Hakusogea nyuma. Alinisogezea kigoda, akamwita Bashiru atafute waya wa chaji.

Nimekaa hapa kwake nangoja jua lishuke. Naogopa.

Piga.